Vyungu 43 kutoka Sinza hadi Njiro

Leo ni siku ya tisa tangu tuhamie Njiro, Arusha, na fikasi yangu imebaki na majani 11. Nimeyahesabu asubuhi kabla ya chai. Kule Sinza, Dar, ilikuwa imeshona hadi inaziba nusu ya dirisha la sebuleni. Najua haifi. Majani yale yaliota kwa mwanga wa dirisha jingine, sasa inayaangusha ili iote yanayofaa hapa. Najua, lakini kila nikifagia naumia.

Nimekuwa mpangaji kwa miaka 12, katika nyumba nne, na ua wa nyumba zote hizo ulikuwa saruji tupu. Ndiyo maana kila nilichokipenda nilikipanda kwenye kitu kinachobebeka: vyungu vya udongo, ndoo za rangi nilizotoboa chini, hata sufuria iliyong'oka mpini. Barua ya uhamisho wa kazi ilipotoka, kabla sijawaza kodi ya miezi sita wala dalali, nilikwenda barazani nikaanza kuhesabu vyungu. 58. Mchaichai na mrehani niliwaachia majirani, maana hivyo vinaota popote. Vingine niliwagawia wenzangu kazini. Vikabaki 43, na hapo moyo ukakataa kutoa kingine.

Siku tatu kabla ya safari niliacha kumwagilia. Udongo mkavu ni mwepesi, na haumwagiki ovyo gari likiruka tuta. Makangaga tu ndiyo niliyanywesha mpaka saa ya mwisho, kwa sababu yakikauka mara moja hayasamehe. Mani planti iliyokuwa imetambaa ukuta mzima niliikata vipande, kila kipande na kifundo chake, nikavitia kwenye chupa za maji. Mizizi huchomoza pale penye kifundo. Majani makubwa niliyafunga kwa kanga kuukuu, kama mtu anavyofunga nywele kabla ya kulala. Zamia sikuihangaikia. Ina viazi chini ya udongo vinavyotunza maji, inakaa wiki kadhaa bila tone. Wengi hudhani imetoka Ulaya kwa sababu ya bei yake na majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, kumbe ni mmea wa huku huku, unaota wenyewe porini mwambao.

Utingo wa Fuso alinisaidia kupakia. "Dada, haya maua yote unakwenda kuuza?" Nikamwambia ni ya nyumbani kwangu. Hakusema kitu, ila kuanzia hapo alivibeba vyungu kimoja kimoja, kwa mikono miwili, na godoro akalisimamisha kando ili lisivilalie. Mungu ambariki kijana yule.

Tuliondoka saa nne usiku, jua lisije likavikuta chini ya turubai. Vayoleti niliipakata. Dar ilikuwa haitaki kuchanua. Joto lilikuwa linaichosha, majani yake ya manyoya yanalegea kila mchana. Kumepambazuka tuko Mombo, milima ya Usambara imesimama upande wa dereva, ukungu umeikaa mabegani. Nikaitazama milima, nikautazama mmea mapajani. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliikuta vayoleti ikiota kwenye misitu ya milima hiyo, akaipeleka kwao. Tangu hapo imezalishwa ikawa ya rangi kila namna, inakaa madirishani dunia nzima, na mimi niliinunua barabara ya Bagamoyo nikiamini ni ua la kigeni. Nilitamani kumwambia dereva asimame kidogo. Nikaona haya.

Tulifika mchana. Chungu kimoja kilipasuka njiani na makangaga mawili yaliungua kwa upepo uliopenya kwenye turubai. Julai Arusha ni baridi kweli. Mwili wangu wa Dar unatetemeka, na mimea pia. Udongo ambao kule ulikauka kwa siku mbili, huku bado una unyevu siku ya sita. Nimejizuia kumwagilia. Mkono unakwenda wenyewe kwenye kopo la maji, nami naurudisha, kwa sababu mizizi ikikaa kwenye baridi na maji inaoza.

Lililonifanya nikae niandike usiku huu ni isale. Bibi yangu wa Marangu alinipa kipande nilipopanga chumba changu cha kwanza, na kimehama nami nyumba zote. Tulipokuwa tunashusha mizigo, mama mmoja mzee wa nyumba ya jirani alisimama getini, anaangalia chungu nilichokumbatia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, umemkosea nani?"

Nilielewa mara moja. Kwa sisi Wachaga isale ni mmea wa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, wa kaburini, na wa kuomba msamaha. Ukimwendea mtu na jani lake, hawezi kukufukuza hajakusikiliza. Nikamwambia sijamkosea mtu, ni la bibi, ninahama nalo. Akalishika jani moja akalipapasa taratibu mpaka kwenye ncha.

"Miaka yote hiyo lipo kwenye ndoo?"

"Ndiyo, mama. Sina pa kulipanda."

Akatikisa kichwa. "Hili huwa linashika mpaka. Huko ndani ya ndoo linashika nini?"

Sikuwa na jibu, na bado sina. Nimekuwa nikilitazama tangu siku ile, limesimama karibu na mlango, mizizi imeshatokeza kwenye matundu ya chini inatafuta sakafu. Hapa nyuma ya jikoni kuna kipande cha udongo, futi mbili hivi, kati ya karo na ukuta. Kimebaki bila saruji, sijui walisahau. Kesho nitampigia mwenye nyumba nimwombe. Yule mama ameshaniletea jembe.