Pasi, Mrututu na Kopi ya Kitambulisho

Jumapili, jioni

Nairobi hii hupigi hatua mbili bila kuombwa kopi ya kitambulisho. Unafungua akaunti, kopi. Unapangisha chumba, kopi. Unaomba kazi ya ulinzi, kopi, tena mbili. Ndiyo maana River Road haiishi vibanda vya fotokopi, na zile karatasi zilizoharibika huishia kufungia njugu. Nimewahi kumaliza njugu nikabaki nikitazamana na mtu nisiyemjua, nambari zake zote ziko wazi, chumvi imemjaa usoni.

Nyuso hizo zinafanana kwa jambo moja: zote nyeusi tii. Mashine haitambui kwamba ngozi nyeusi ina vivuli vyake, ina mng'ao kwenye paji na ulaini chini ya macho. Inapiga weusi moja kwa moja, inaacha weupe wa macho na kola ya shati. Yangu pia iko hivyo. Kwenye kadi yenyewe nimetoka vizuri tu, lakini kwenye kopi nimebaki hereni na kola.

Sura hiyo ndiyo nimekuwa nikiihamishia kwenye bamba la chuma wiki hii, ili dawa ilile bamba na mimi nilipake wino na kulichapa kwenye karatasi. Nimekata nambari na jina, nikabakiza uso peke yake.

Kwa wanaouliza inawezekanaje: wino wa fotokopi si wino wa maji. Ni unga wa plastiki uliotiwa masizi, na joto ndilo huugandisha kwenye karatasi. Kwa kuwa ni plastiki, ukiupiga pasi unalainika tena na kushika kitu kingine, na ukishashika, dawa ya kula chuma haiupenyi. Ufundi wote umesimama hapo. Printa ya wino wa majimaji haifai kwa kazi hii, itakuachia karatasi iliyoloa na bamba safi.

Halafu kuna jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Fotokopi yenyewe ilizaliwa juu ya chuma. Tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria, New York, Chester Carlson na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa leso mpaka likashika umeme, wakaliwekea kioo kilichoandikwa tarehe na jina la mtaa, wakawasha taa. Kisha wakanyunyiza unga, maandishi yakajitokeza, wakayahamishia kwenye karatasi ya nta na kuipasha moto. Zinki! Chuma kile kile ambacho wachoraji wa chapa wamekitumia miaka na miaka. Kwa hiyo nikishika pasi najiona naurudisha unga huu kwao.

Bamba nalipata kwa wapiga chapa wa mabango. Wakishachapisha, bamba la alumini halina kazi tena kwao, huuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Upande wa mbele umetiwa dawa na kukwaruzwa kiwandani, sitaki ugomvi nao, natumia mgongo. Hili la sasa mbele lina mgombea wa udiwani, anatabasamu kwa ahadi ya barabara na maji. Nimembandika selotepu pana usoni ili dawa isimle, maana alumini hii ni nyembamba, ikiliwa pande zote mbili inatoboka.

Mgongo huo lazima ung'ae. Steelwool na majivu, kama unavyosugua sufuria ya ugali, kisha maji. Maji yakitandaa bila kujikusanya matone, mafuta yametoka. Yakijikusanya, sugua tena, na usiguse kwa vidole.

Kijana wa fotokopi tumezoeana, lakini nilipomtolea ukurasa wa jarida, ile karatasi laini inayoteleza, alikunja uso.

"Madam, hii itakwama ndani, na fundi wa hii mashine haji bure."

"Ikikwama nalipa mimi."

"Na nikugeuzie picha, iangalie huku?"

Nikamwambia aiache. Watu wengi hujisumbua hapa. Picha inageuka kushoto kulia ikilala kwenye bamba, na bamba likichapwa kwenye karatasi inageuka tena. Inarudi ilivyokuwa.

Pasi iwe kavu, bila mvuke, kwenye moto wa nguo za pamba. Naweka bamba juu ya ubao, kopi kifudifudi, karatasi nyingine juu, nakandamiza bila kuburuta. Kuburuta kunatawanya mistari. Kisha vyote viwili naviingiza kwenye beseni la maji, naacha karatasi inywe mpaka ilegee.

Hapo ndipo sehemu ninayoipenda. Unasugua kwa ncha ya kidole gumba, polepole, karatasi inajiviringa vijinyuzi vya kijivu na kutoka, na chini yake picha imebaki kwenye chuma, nyeusi, imekauka, ukipitisha kucha unaisikia imeinuka kidogo. Nyuzi zilizobaki hazionekani bamba likiwa na maji. Likikauka zinachomoza kama ukungu mweupe kati ya nukta, na pale zilipo dawa haifiki vizuri. Narudisha bamba majini, nasugua tena. Tundu ndogo zilizoachwa na unga naziba kwa rangi ya kucha, moja moja.

Sasa suala la weusi, ambalo ndilo limeninyima usingizi. Palipo na unga chuma hakiliwi, na palipo wazi kinaliwa. Ukipaka wino wa chapa na kuufuta, unabaki mashimoni. Maana yake weusi wa fotokopi unatoka mweupe. Chapa ya kwanza ilinionyesha uso mweupe pe, macho meusi, kola nyeusi. Mwenzangu tunayetumia naye mashine ya chapa aliipenda papo hapo, akasema ina kishindo, niipeleke kwenye maonyesho hivyo hivyo. Mimi sikubaliani naye. Mashine ilishanifuta mara moja kwa kunijaza weusi, sioni kwa nini nijifute mara ya pili kwa weupe halafu nipigiwe makofi.

Nikarudi kwa kijana. Safari hii nikamwomba apunguze ukolezi mpaka paji na mashavu yaonekane, kisha abonyeze kitufe cha negativu, kile kinachogeuza weusi kuwa weupe na weupe kuwa weusi. Ngozi ikatoka wazi, mng'ao ukatoka mweusi, na mandharinyuma yote yakajaa unga. Kwenye bamba la shaba hapo ningekwama, kwa sababu eneo pana lililoliwa halishiki wino katikati, linashika kingoni tu, lazima kwanza litiwe chembechembe. Alumini ina neema yake. Ikiliwa na mrututu na chumvi inakwaruzika yenyewe, inakuwa na uso kama wa msasa, unaonyonya wino.

Mrututu nanunua agroveti, zile fuwele za buluu ambazo wafugaji huyeyusha kwenye maji ya kuoshea kwato. Chumvi ni ya jikoni. Mchanganyiko huu hautoi ule moshi wa kahawia wa tindikali ya naitriki, lakini navaa glavu na kufungua dirisha, maana viputo vinavyopanda ni haidrojeni. Ukitumbukiza bamba dawa inachemka, beseni linapata joto, na shaba inajitenga kutoka kwenye maji na kuganda kwenye mistari kama tope jekundu. Tope hilo naliondoa kwa unyoya wa kuku. Buluu ya maji inafifia unavyotazama. Yakichoka siyamwagi kwenye mtaro, mitaro yetu inaishia mtoni na shaba inaua samaki. Natia magadi, maji yanafoka, shaba inakaa chini, tope nalihifadhi kwenye mtungi.

Nilipokuwa nikipangusa nilikumbuka kipande, kile kitambulisho cha wakati wa ukoloni, cha sheria ya 1915, ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Sina la kuongeza, ila mkono ulisita kidogo.

Chapa ya pili imetoka leo mchana. Ngozi ni nyeusi, nyeusi yenye tabaka, paji linang'aa, chini ya jicho la kushoto kuna kivuli ambacho hata kadi haikukionyesha. Kwenye mandharinyuma kuna vidoa, tundu ambazo rangi ya kucha ilizikosa. Hivyo siviondoi. Mwenzangu bado anaitetea ile nyeupe, nimempa aibandike ukutani kwake. Mimi nitachapa hii mpaka alumini ichoke, na nikipata bamba nene zaidi, nitaanza na kopi ya mama.