Mnakwenda kwa nani?

"Mnakwenda kwa nani?"

Mama aliuliza hivyo ameinama jikoni, anapuliza moto uliokuwa umegoma kuwaka kwa kuni mbichi. Nikamjibu kwamba hatuendi kwa mtu. Tunakwenda Irente, pale kwenye ukingo wa mlima, kuangalia.

"Kuangalia nini?"

"Nyika, Mama."

Akanyanyuka, akajifuta machozi ya moshi kwa pindo la khanga, akanitazama usoni kama mtu anayekagua homa. "Nyika si mmeipita jana na basi?"

Hapo alinibana. Kweli tulikuwa tumeipita. Tulitoka Dar alfajiri, Chalinze, Segera, Korogwe, halafu Mombo, halafu zile kilomita 33 za kona mfululizo za kupandia Lushoto. Kufika Soni mwanangu mdogo alikuwa ameshatapika mara mbili. Ilikuwa Desemba 2019, na mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku tangu Juni ya mwaka ule, kwa hiyo alitapikia kofia yangu. Ndiyo nyika tuliyoiona.

Lakini nilikuwa nimeshaamua. Kazini kwetu Dar kuna watu wa matembezi, wenyewe wanaita haikingi. Jumamosi wako Pugu, Jumapili wako Morogoro, Jumatatu wanatuonyesha picha. Mmoja wao alirudi kutoka Lushoto na picha yake kasimama Irente, mikono ameitandaza kama mwewe, akaniuliza mimi mwenye kwetu pale pakoje. Nikababaika. Nimezaliwa mwendo wa kilomita 6 hivi kutoka mahali ambapo watu wanavuka bahari kuja kupaona, na nilikuwa nimefika mara moja tu, nikiwa darasa la tano, natafuta mbuzi. Mbuzi nilimpata. Nyika sikuiangalia.

Kwa hiyo nikataka wanangu wafike. Njia yenyewe haina ubishi: unatoka mjini, unapanda taratibu kupitia Yoghoi, barabara ya vumbi ambayo hata gari hupita, mashamba huku na huku, nyumba haziishi. Hakuna mahali pa kushika kamba wala kuparamia. Mtu mzima akienda bila kusimama, saa moja na nusu zinamtosha. Nikapiga hesabu kwamba kwa mtoto wa miaka mitano na dada yake wa tisa tuweke saa mbili na nusu, tutoke saa kumi na mbili asubuhi, tufike kabla mawingu hayajafunga. Vuli ya mwaka ule ilinyesha kupita kiasi, kila siku kuanzia saa nne mlima unavaa blanketi.

"Mnapita Yoghoi?" Mama akauliza baadaye, tukiwa tunakula.

"Tunapita."

"Basi nakuja. Kuna watu pale sijawapa pole."

Asubuhi nilimkuta ameshajiandaa kunishinda. Kikapu kimejaa: ndizi, maharage, kilo ya sukari iliyofungwa kwenye gazeti. Mke wangu alikuwa na begi la maji, mayai ya kuchemsha na viazi. Mimi nilikuwa na mabuti. Niliyanunua Kariakoo wiki ile ile, yana kamba nyekundu na soli kama tairi la trekta, na muuzaji aliniapia kwamba nayo nafika Kilimanjaro. Mama alivaa yeboyebo.

Ile hesabu yangu ya saa mbili na nusu ilikufa kabla hatujaumaliza mji. Sikuwa nimeweka salamu. Kwetu mtu mzima hapishani na mtu mzima mwenzake kimyakimya, na "Onga mahundo", salamu yetu ya asubuhi kwa Kisambaa, si neno la kurusha huku unatembea. Unasimama, unashusha mzigo kama unao, unauliza ya nyumbani, ya shamba, ya mvua, mgonjwa yule anaendeleaje, kabichi Dar inauzwaje. Halafu wajukuu wanatambulishwa. Halafu mimi natambulishwa, ingawa nusu ya wale watu walinichapa utotoni. Kilomita ya kwanza tuliimaliza kwa saa nzima. Natazama juu, ukungu unaanza kujikusanya kwenye mikaratusi. Natazama saa. Mke wangu akaninong'oneza niache kutazama saa, naonekana kama askari wa trafiki.

Watoto ndio hawakuwa na shida. Kufika mtu wa kumi, binti yangu alikuwa anawahi yeye kusema "Onga mahundo" kabla ya bibi yake, na wazee wanacheka mpaka wanashika magoti. Mdogo alianza kulalamika miguu tulipoingia kwenye kile kipande cha mwinuko, na hapo ndipo Mama alipomtoa Mbegha wa hadithi za Wasambaa. Alimtoa kwa vipande. Kona hii, Mbegha mwindaji anatoka Ngulu na mbwa wake. Mpaka kwenye ule mti, Mbegha anaua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba ya Wasambaa. Mpaka kwenye lile daraja, anawagawia watu nyama. "Na simba?" mtoto anauliza, maana alishaahidiwa simba. Simba yuko juu kule, kwenye ile nyumba ya bati jipya. Mtoto anapiga mbio. Sikuwahi kuona kifaa bora cha kupandishia mtoto mlima, na nilikuwa nimebeba biskuti pakiti nne kwa kazi hiyo hiyo.

Pale kwenye bati jipya hatukukuta simba, tulikuta kinyonga. Vijana wawili wa pale walikuwa naye kwenye kijiti, wa kijani, na puani ana pembe mbili kama kifaru aliyekosewa. Hao wenye pembe ni wa milima yetu hii. Binti yangu akanyoosha mkono. Mama akapiga ukelele. Mwanamke ambaye nimemwona akiua nyoka kwa jembe na kuendelea kupalilia, alirudi nyuma hatua sita, kikapu kichwani, akatuamuru tupite upande wa pili wa barabara. Mbegha alisimama kwa muda pale, maana msimulizi alikuwa ametangulia mbele peke yake.

Yoghoi tulikaa karibu saa nzima. Wenye msiba walikuwa mama mmoja na wanawe, mume alifariki Oktoba. Tukaingia, tukakaa kwenye mkeka, tukatoa pole. Mama akashusha sukari na maharage na nusu ya ndizi. Chai ikaletwa. Huwezi kuikataa ile chai, na huwezi kuinywa haraka. Watoto wangu walitoweka nje na watoto wa pale na tairi la baiskeli, nikawa nasikia kelele zao zikienda na kurudi. Ndani wazee wanazungumza kwa sauti ya chini, kwa Kisambaa, mambo ya marehemu na shamba la kahawa na nani alikuja kuzika na nani hakuja. Mimi nimekaa na mabuti yangu nimeyaacha mlangoni, nahisi vidole vinawaka. Pamoja na kuwaka vidole, nilikuwa na hasira, sifichi. Nilikuwa nimekuja na safari yangu, na safari yangu imegeuzwa ya mtu mwingine. Katika watu watano tuliotoka nyumbani, ni mimi peke yangu niliyekuwa nachelewa.

Tulifika Irente saa tano kasoro.

Kwa asiyepajua: mlima unaisha pale ghafla. Unatembea kwenye majani na mawe, mwanzo unadhani kuna mteremko mbele, kumbe hakuna. Kuna mwamba, na chini ya mwamba, karibu mita 1,000 chini, ndiyo nyika, na kijiji cha Mazinde, na mashamba ya mkonge, barabara na reli ya kwenda Moshi, na siku ya hewa safi milima ya Pare upande ule. Ukuta wa kuzuia mtu hakuna. Nilimshika mdogo ukosi wa shati na sikuuachia mpaka tulipoondoka.

Ila siku ile hapakuwa na kitu. Palikuwa na weupe. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka chini kwa utaratibu kama mvuke wa sufuria, umeziba mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Baba, ndiyo hii?" binti yangu akauliza. Kwa adabu kabisa.

Kijana aliyetupokea kiingilio akasema tusubiri tu, huwa unafunguka. Alisema kama mtu anayesema hivyo kila siku. Tukamenya mayai. Mke wangu akanitazama, akatazama weupe, akaangua kicheko, na mimi nikaona bora nicheke kuliko kuendelea kununa na viatu vinanibana.

Mama hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye jiwe mbali na ukingo, miguu ameinyoosha, amegeukia ule weupe. Akanyoosha kidole. "Mazinde pale," akasema. Akasogeza kidole. "Mombo kule. Hapa chini moja kwa moja ni mkonge. Mto unapita hivi."

Watoto wakamwendea. "Bibi, unaona?"

"Sioni. Najua."

Nilidhani nayajua maisha ya mama yangu. Nilijua kwamba babu alikuwa na migomba mingi. Sikujua ndizi zile zilikwenda wapi. Zilikwenda pale chini, kichwani kwake. Mwaka mmoja baada ya uhuru alikuwa na miaka kumi na miwili, na mara mbili kwa wiki yeye na dada zake na wanawake wa mtaani waliondoka jogoo wa kwanza, kila mmoja na mzigo wake, wakateremka na vijia vya kwenye makorongo hadi Mazinde kabla jua halijawa kali. Kule mkonge ulikuwa na watu wengi, manamba waliotoka mbali, wanaume bila wake zao, hawana shamba la mboga wala mgomba, wananunua chochote cha kula kinachotoka mlimani. Jioni wanawake wanapanda, sasa na chumvi, samaki wakavu na mafuta ya taa. Kupanda ndiko kulikuwa adhabu. Dada yake mkubwa aliwahi kumwaga mafuta yote ya taa na wakalala njiani kwa kuogopa kurudi nyumbani.

Haya yote aliyasema kwa sauti ile ile aliyomsimulia Mbegha. Mdogo wangu, yaani mwanangu, aliuliza manamba ni nini. Akaambiwa ni watu waliopewa namba. Akauliza yeye namba yake ngapi.

Mimi nikauliza la kwangu. "Sasa Mama, mlipokuwa mnafika hapa juu, hamkusimama hata kidogo kuangalia?"

"Na mzigo kichwani? Unatazama unapokanyaga."

Saa sita hivi ule weupe ukachanika. Kijana alikuwa amesema kweli. Ulianza kama tundu, tundu likawa dirisha, na ndani ya dirisha kukawa na dunia nyingine: jua, wakati sisi juu tuna makoti, udongo wa kahawia, mistari ya mkonge kama mtu ameichora kwa rula, mabati yanametameta. Barabara ni uzi, na juu yake lori dogo kama sisimizi. Watoto wakanyamaza, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Dar. Binti yangu akaanza kukagua maneno ya bibi yake moja moja. Mazinde ipo. Mkonge upo. Mombo...

"Bibi, Mombo haipo pale ulipoonyesha. Ni huku."

Mama akainuka kwa mara ya kwanza, akasogea hatua mbili, akakunja macho. Akatazama kwa muda mrefu kuliko sisi wote. "Wameisogeza," akasema, akarudi kwenye jiwe lake.

Dirisha lilidumu kama dakika kumi. Sikupiga picha hata moja, mkono mmoja ulikuwa kwenye ukosi wa mtoto na mwingine nimeshika kiatu, kwa sababu nilikuwa nimeamua kuvua nione. Malengelenge mawili, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, moja limeshapasuka. Mtu wa Kariakoo hakudanganya, viatu vile pengine vingefika Kilimanjaro. Mguu ndio usingefika.

Wakati wa kurudi tulipita kwenye shamba la kanisa la Kilutheri pale Irente, wanakouza mkate wa ngano nzima, jamu na jibini wanayotengeneza wenyewe. Tulikaa chini ya miti tukala. Mama alionja jibini, akaitafuna kwa subira, akasema ni maziwa yaliyosahauliwa. Mkate aliupenda. Alikata kipande, kilichobaki akakifunga kwenye gazeti la sukari na kukirudisha kikapuni, na nilipomuuliza akasema cha jirani, maana tulipopita asubuhi alituona na atauliza tumemletea nini.

Kwenye kibanda cha Yoghoi nikanunua kandambili za bluu, saizi moja ndogo. Mabuti yangu yakaenda kikapuni kwa Mama, juu ya mkate, kamba zake nyekundu zinaning'inia pembeni. Nilitaka kuita bodaboda, mke wangu akaniambia nijaribu tu kuita nione nitakavyochekwa. Mdogo akalala mgongoni kwangu kuanzia ile nyumba ya kinyonga. Binti akawa mbele na bibi yake, wanapokezana kusalimia, sasa ni "Onga mshi".

Karibu na mjini tukakutana na mzee mmoja anapanda na mbuzi wake. Akasimama. Mama akashusha kikapu. Nyumbani, shamba, mvua. Mzee akauliza tumetoka kwa nani.

"Yoghoi," Mama akasema. "Tulikuwa hatujawapa pole."

Mzee akatikisa kichwa, akawasifu watoto, halafu akanitazama nilivyosimama kwa mguu mmoja kando ya barabara, mtoto mgongoni, kisigino nimekining'iniza hewani.

"Na huyu amepatwa na nini?"

"Huyu," Mama akasema, anapandisha kikapu kichwani, "ametoka Dar."