Kwa Nini Wananiita Zakayo

Binti yangu yuko wiki ya nane ya darasa la ubatizo. Juzi usiku alikuja mezani na daftari lake, kalamu mdomoni, akaniuliza swali nililolikwepa miaka yote: "Baba, mbona kule kwa Bibi wazee wanakuita Zakayo?" Mama yake akainamia bakuli la mlenda kama hakusikia. Anajua.

Nilibatizwa Oktoba 1999, kijijini, upande wa Kigwe, Dodoma. Na Oktoba yenyewe ndiyo kosa la kwanza. Mkutano wa injili kwetu hufanyika Julai, watu wakishavuna uwele na mtama na wakiwa na nafasi ya kukaa. Wanaookoka wanaingia darasani wiki 12. Hesabu mwenyewe: unatupwa Oktoba, mvua ya mwisho ilinyesha Aprili, lambo limebaki tope lenye nyayo za ng'ombe, na ndoo kwenye kisima cha mashine wakati ule ilikuwa shilingi 20. Utasema basi darasa lianze Desemba, watu wabatizwe Machi lambo likiwa limejaa. Haya, Machi nani yuko kijijini? Wote wako shambani wanapalilia, na maji ya lambo yana kichocho. Ugogo kuna mwezi wenye maji na kuna mwezi wenye watu, mchungaji anachagua mmoja.

Mzee aliyetufundisha alitusomea Yohana 3:23, kwamba Yohana alibatizia Ainoni kwa sababu huko kulikuwa na maji tele. Akafunga Biblia, akatazama nje kwenye vumbi. "Sisi tutachimba," akasema.

Tukachimba Alhamisi, karibu na mbuyu ulioko nyuma ya kanisa. Urefu mita 2, ili mtu akilazwa asigonge kichwa. Upana mita 1.2, watu wawili wasimame bega kwa bega na mmoja aweze kugeuka. Kina mita 1.1, lakini maji yaishie sentimita 90, yaani kiunoni. Yakipungua hapo mchungaji anamwinua mtu kwa mgongo wake mwenyewe, na akifika mtu wa sita hawezi tena kunyooka. Yakifika kifuani, mbatizwa anaelea, miguu inakosa sakafu, anaanza kurusha mikono. Na usijaze mpaka ukingoni: watu wawili wakiingia maji yanapanda vidole vitatu, vinne, yanamwagika na kugeuza ukingo utelezi. Udongo wetu ni kichanga chekundu, kwa hiyo kuta ziwe na mlalo kidogo, la sivyo usiku zinajimwaga zenyewe. Upande mmoja tukakata ngazi tatu, tukazifunika kwa mifuko iliyojazwa mchanga.

Juu yake likatandikwa turubai la mita 6 kwa 5, la kuazima kwa mfanyabiashara wa alizeti. Mpaka leo nikinusa turubai lililokaa juani, tumbo langu linacheza kidogo. Kabla ya turubai unatakiwa kutandika magunia, kwa sababu ardhi ya kwetu haikosi miiba ya migunga, hata ile iliyofukiwa zamani. Magunia tuliyokuwa nayo yalitosha sakafu. Kutani tukafagia kwa mikono, tukaridhika.

Maji ya kufika hapo kiunoni ni lita 2,160, yaani madumu 108 ya lita 20. Punda mmoja anabeba manne. Tulikuwa na punda watatu, kila mmoja akaenda na kurudi mara tisa, Ijumaa na Jumamosi, na ninakumbuka mzee akiweka kijiti mfukoni kwa kila safari ili hesabu isipotee. Jumamosi jioni maji yakafika kwenye alama. Tukafunika kwa mabati, kwa sababu shimo la maji lililo wazi Oktoba linakusanya mbuzi, vyura na watoto wa kijiji kizima.

Tulikuwa wabatizwa 11. Kila mmoja alitakiwa kutoa ushuhuda ukingoni kabla ya kushuka, dakika tatu, na mzee alikuwa anatupima kwa saa ya mezani. Nilikuwaje, Bwana alinikutaje, ninaishije sasa. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Ukiusoma pole pole unaisha ndani ya dakika tatu, ukizidi hapo watu wanaanza kutazama jua. Usitaje jina la mtu uliyekosana naye. Usitaje dhambi za mwenzio ukidhani unataja zako. Na kubwa aliloturudia kila wiki: usimpe Shetani dakika mbili na nusu halafu Yesu ukamwachia nusu iliyobaki.

Shida yangu ilikuwa sehemu ya kwanza. Nilikuwaje? Nilikuwa mtoto wa kanisani. Nilizaliwa kukiwa na Biblia mezani, Bibi yangu ni Mwanglikana wa tangu utoto, na sijui siku gani niliamini, kama vile sijui siku gani nilijifunza Kiswahili. Zoezi la kwanza niliandika kwamba niliiba sukari ya mama. Darasa zima likacheka. Mwenzangu mmoja, mtu mzima, alikuwa mlevi kweli wa kulala njiani, na yeye alipofanya zoezi akina mama waliokuwa wanafagia kanisa waliacha mifagio wakapiga vigelegele. Nilivisikia vile vigelegele wiki nzima.

Mzee aliona. Akaniita pembeni. "Wewe ni Timotheo," akaniambia, "imani ilikaa kwa bibi yako, ikakaa kwa mama yako, sasa iko kwako. Si lazima uwe Paulo." Akanionyesha Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya kwanza, Loisi na Eunike. Nikasema ndiyo mzee. Lakini kijana wa miaka 16 hataki kuwa Timotheo.

Katika darasa hilohilo tulifundishwa kutengeneza, yaani ukiokoka unarudisha ulichochukua. Mfano wetu alikuwa Zakayo, Luka 19, anayesema kama amemnyang'anya mtu anamrudishia mara nne. Kumbuka hilo.

Jumapili asubuhi tukafunua mabati, maji yalikuwa magotini. Mwiba ulikuwa umetoboa turubai ukutani, kama sentimita 40 kutoka chini, na maji yalikuwa yamesimama palepale penye tundu kana kwamba yamepimwa. Tundu lenyewe halikuzidi ncha ya kalamu. Fundi baiskeli akaliziba kwa kiraka cha tyubu na solusheni. Kwa bahati pale palikuwa pamekwisha kauka, maana solusheni haishiki kwenye unyevu. Lakini kurudisha sentimita 50 zilizopotea kulihitaji madumu 60, safari tano kwa punda wote watatu, na watu walikwisha kuanza kufika. Wengine wakasema tuahirishe. Mwingine akasema basi tuwamwagie kichwani kama Waanglikana, na Bibi yangu, aliyekuwa amekaa mkekani, akamtazama mpaka akanyamaza. (Miaka mingi baadaye nimesoma kwamba Didake, mafundisho ya Wakristo wa kale kabisa, yanaruhusu hasa hilo: pasipo maji ya kutosha, mimina kichwani mara tatu. Ningelijua siku ile, Bibi angefurahi.)

Mchungaji akavua viatu, akashuka, akakaa ndani ya maji akiwa na suruali yake ya ibada. Yalimfika kifuani. "Yanatosha," akasema. Kwa hiyo tulibatizwa tukiwa tumekaa. Ni rahisi kuliko ilivyo kwa kusimama: mbatizwa anakaa amenyoosha miguu, anakunja mikono kifuani, mkono mmoja unashika leso puani, mchungaji anapiga goti upande mmoja, mzee upande wa pili, kiganja kimoja nyuma ya shingo, kingine kimeshika viwiko. Unavuta pumzi wakati jina la Roho Mtakatifu linatajwa, si kabla, la sivyo inakuishia. Wanawake walikuwa wamefungwa kamba chini ya majoho, kwa sababu joho likiingiwa na hewa linapanda juu kama puto, na ndani walivaa nguo za rangi nzito, kwa kuwa nyeupe ikilowa haifichi kitu. Akina mama wawili walisimama ngazini na khanga zimetandazwa tayari.

Nilikuwa wa saba. Aliyenitangulia ni yule mlevi. Vigelegele vikapanda mpaka kwenye mbuyu. Kisha ikawa zamu yangu, nikafungua karatasi, nikaanza vizuri: kwetu tulisali kila jioni, mama alinifundisha Zaburi. Nikaona watu wanaanza kutazama jua. Sijui hata sasa ni nani aliyesukuma ulimi wangu. Nikasikia sauti yangu inasema, "Lakini ndugu zangu, msinione hivi. Nilikuwa mwizi. Hata mbuzi wa watu nimeiba."

Palinyamaza. Halafu vigelegele, vichache, vya wale waliotoka vijiji vya mbali. Wa kwetu walikuwa wananitazama. Bibi akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbuzi yupi?"

Mstari haukungoja. Mchungaji alikwisha kunyoosha mkono. Nikashuka ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mfuko wa mchanga ukizama chini ya unyayo wangu, nikakaa. Juu maji yalikuwa ya uvuguvugu, chini yalikuwa ya baridi, na yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Nilitaka kusema subiri. Mdomo ulikuwa chini ya leso. Nikasikia "kwa jina la Baba", nikasikia "na la Mwana", nikakumbuka pumzi, nikavuta. Chini ya maji hakuna sauti ya watu, kuna mlio kama wa treni iliyo mbali. Nilifungua macho, ingawa tulikatazwa. Niliona matawi ya mbuyu yanatetemeka juu yangu, hayana jani hata moja, na kiganja cha mzee kimeziba nusu ya mbingu. Nikawaza, kwa utulivu ambao sijaupata tena: ninazikwa na uongo mdomoni. Kisha wakaniinua.

Nilipokuwa napangusa masikio, babu mmoja wa jirani akanisogelea, yeye si wa kanisa, alikuja kutazama tu. Beberu wake alipotea siku za Pasaka. Alinisalimu kwanza, "Mbukwa, mjukuu wangu," akanishika mkono wangu uliolowa. "Umesema vizuri sana. Sasa, mbuzi wangu." Na alikuwa amewauliza watu habari za Zakayo, kwa hiyo alijua hesabu. Walikuwa mbuzi wanne.

Kikao kilikaa palepale chini ya mbuyu, nguo zangu zikikauka mwilini. Nikasema kweli: sikuiba mbuzi yeyote, nilitia chumvi. Baba aliangalia vidole vyake vya miguu. Babu akanisikiliza mpaka mwisho, akawageukia wazee. "Kabla hajaingia majini amesema ameiba. Ametoka majini anasema hakuiba. Nimwamini yupi?" Hakuna aliyemjibu. Mchungaji alifungua Biblia, akaifunga.

Mazungumzo yalikwenda mpaka saa kumi. Mwisho baba alitoa mbuzi jike mmoja, si kwa sababu niliiba, alisema, bali kwa sababu mwanawe amesema mbele ya watu, na maneno yakisemwa mbele ya watu yanahitaji mbuzi. Babu akampokea. Akaniita Zakayo tangu siku hiyo, na wenzake wakamfuata. Mzee wa darasa hakunikaripia. Aliniambia tu kwamba ushuhuda wangu ulikuwa dakika mbili na sekunde arobaini, na kwamba bado alikuwa na nafasi kwenye daftari lake kama ningetaka kuuandika upya. Sikuuandika. Nilikuwa na haya, halafu nikaenda Dodoma mjini kusoma, halafu mzee akafariki.

Hayo yote nimemsimulia binti yangu, isipokuwa habari ya kufungua macho. Yeye atabatizwa mjini, kwenye birika la vigae lenye bomba, ingawa na huko tutaanza kujaza Ijumaa maana maji ya mgao hayana ahadi. Alicheka sana aliposikia swali la Bibi. Kisha akanionyesha alichoandika yeye: mistari sita, kwetu tunasali, Mama alinifundisha, nampenda Yesu. Nikampima kwa simu. Sekunde 35.

"Ni fupi?" akauliza.

Nikasema haina shida. Akakaa kidogo, anachora mbuzi pembeni ya ukurasa.

"Kwa hiyo Baba, ubatizo wako ulishika au haukushika?"

Nikamwambia akalale, kesho ana darasa.