Siku moja darasani: kumwachia mwanafunzi aseme

Saa 1:15 asubuhi. Madawati yanageuzwa yatazamane, wanne wanne. Kikundi kikifika sita, wawili hujificha nyuma ya wasemaji. Ubaoni naandika swali moja lisilojibika kwa ndiyo au hapana: "Mhusika huyu angeweza kufanya nini kingine, na kwa nini?"

Saa 2:00. Dakika 2 kila mmoja anaandika peke yake, dakika 3 anamweleza jirani, ndipo tunasikilizana darasa zima. Walimu wengi huruka hatua ya kuandika, kisha hushangaa wanafunzi wote wakitoa jibu lilelile: asiye na lake mkononi hudandia la jirani.

Nikishauliza, nahesabu moyoni hadi 3 kabla ya kumtaja mtu. Katika miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe aligundua kwamba walimu walisubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka. Kipo na kimya cha pili, nacho ndicho kigumu zaidi: mwanafunzi akimaliza, nanyamaza tena. Ukidakia "vizuri sana", anakaa. Ukimtazama tu, mara nyingi anaongeza "kwa sababu...", na hapo ndipo mawazo yake mwenyewe yanapoanza kutoka.

Saa 4:30. Mdahalo. Anayesema "kiti imevunjika" hakatizwi. Ukimkatiza ataanza kuwaza ngeli, na hoja inampotea. Kosa naliandika kwenye daftari langu bila jina. Dakika 5 za mwisho, makosa 3 yanapanda ubaoni na darasa linayasahihisha pamoja.

Saa 6:00. Kazi ya kujichagulia: insha, igizo fupi, au mchoro wenye maelezo ya sentensi 5. Vigezo ni vilevile kwa zote: hoja, ushahidi, mpangilio. Bila hivyo mchoro huonekana kazi ya wavivu, na wenye kipaji hicho huuacha.

Saa 9:00. Madaftari. Kabla ya kalamu nyekundu kugusa tahajia, naandika pembeni swali moja kuhusu wazo lenyewe. Halafu orodha ya majina: kila aliyesema leo anapata alama ya vema. Aliyekosa siku mbili mfululizo simshtukizi mbele ya wenzake, kesho asubuhi nitapita dawatini kwake nimnong'oneze: "Swali la pili nitaanza na wewe. Hili hapa, lisome kwanza."