Tumbo langu, picha yao: nilivyobanana na jimu mpaka wakalipa

Wa kwanza kunipoteza ni binamu yangu anayejiita mtu wa IT, kazi yake kuflashi simu pale Mwembe Tayari. Nilimwambia jimu nilokuwa nikienda hapa Mombasa imenitia kwenye bango na Facebook, kifua wazi, tumbo lote nje, juu yangu wameandika KABLA, na upande wa BAADA wameweka kijana mwengine kabisa ambaye hata masikio hatufanani. Akanambia "hiyo ni hakimiliki bana, waripoti, leo leo inashuka."

Nikajaza fomu ya hakimiliki ya Facebook. Jibu: picha umepiga wewe? Sikupiga mimi, kapiga trena kwa simu ya jimu, na hakimiliki ya picha huwa ya aliyepiga au mwajiri wake, aliyepigwa hana chake. Meneja nilipompigia akashika hapo hapo, "picha ni mali yetu brother." Mjomba naye akacheka, ati mwanamme mzima nalilia picha ya tumbo. Wakili mmoja akataja bei ya kununulia pikipiki.

Wote hao hakuna aliyetaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Picha ni yao, haya, lakini sura ni data yangu, na kifungu cha 37 kinasema ukitaka kuitumia data ya mtu kibiashara umuombe ruhusa waziwazi. Tena kuthibitisha kwamba nilikubali ni kazi yao, mimi sithibitishi kitu. Mwaka 2023 Kamishna wa Data, yule afisa wa serikali anayesimamia sheria hiyo, aliipiga Roma School faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi, na klabu ya Casa Vera 1,850,000 kwa picha ya mteja aliyekuja kujistarehesha tu. Nikasema kumbe tumbo langu lina thamani.

Sasa hapa ndio patamu. Nilijua nikiwatisha tu wataondoa kila kitu, kwa hivyo kwanza nikapiga skrinshoti zote na tarehe zionekane, nikapiga na bango na duka la jirani ndani ya picha. Halafu nikamwomba shemeji awaandikie WhatsApp kama mteja mpya: "samahani, huyu kaka wa KABLA ni mtu wa kweli ama mmetoa kwa intaneti?" Meneja, wallahi, akajibu kwa voisi ndefu, ati huyo ni mteja wetu halisi, alikuja na kitambi hicho, miezi mitatu tu akawa huyo wa BAADA, na hilo tangazo limetuletea watu wengi sana. Shemeji akaniletea anacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka, nilisevu kwenye simu, kwenye imeili, na kwa laptopu ya mke wangu.

Malalamiko unaweka mtandaoni kwa Kamishna, hulipi kitu, wana siku 90 za kuyamaliza. Andika wazi unataka fidia, manake watu huchanganya, faini huenda serikalini, fidia ndio yako.

Nami nikayaweka yangu. Jimu kutakiwa wajibu, wakatoa fomu yangu ya uanachama, wanapunga kama bendera. Kuisoma, nimekubali kutumiwa meseji za ofa. Picha haitajwi popote. Na ile voisi nishaiambatanisha na malalamiko kitambo. Wiki hiyo hiyo meneja aliyekuwa akiniita brother akaanza kuniita mheshimiwa, tukakaa kwa upatanisho, bango likashuka, nikalipwa hela ya kodi ya miezi kadhaa na chenji ya mahamri. Pikipiki haifiki, lakini wakili pia hakula kitu.

Binamu sasa anawaambia watu yeye ndiye alinionyesha njia.

Na juzi jimu wamenitumia meseji, "rudi uanze upya, mwezi wa kwanza bure." Nimewajibu wanitoe kwa listi yao, nikaipiga skrinshoti.