Nilivyoufuata mchanga: viwanja vya gofu vya kaskazini mwa Ufaransa kwa gari

Mchezaji wa gofu anayejiandaa kwenda Ufaransa hupata majina mengi kabla ya kupata njia. Evian iko mashariki, juu ya Ziwa Léman. Sperone iko kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Corsica. Biarritz na Pau ziko mbali kusini-magharibi, karibu na mpaka wa Hispania. Pau ina heshima ya pekee, kwa kuwa klabu yake, iliyoanzishwa mwaka 1856, ndiyo kongwe kuliko zote za Ulaya bara. Hata hivyo niliyaacha majina yote hayo, nikachagua viwanja kwa udongo wake. Nilitaka kucheza juu ya mchanga, mahali ambapo maji ya mvua hunywewa na ardhi mara moja na mpira huendelea kubingirika baada ya kutua, na mchanga wa namna hiyo unapatikana kwa wingi katika misitu inayoizunguka Paris na katika vilima vya pwani inayotazamana na Uingereza. Viwanja hivyo vyote hufikika kwa gari bila kuingia Paris mjini hata kidogo.

Maandalizi yalianza Nairobi. Nilimwomba katibu wa klabu yetu aniandikie barua rasmi inayoonyesha hendikapu yangu, yaani namba inayopima uwezo wa mchezaji, chini ya mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020, kwani klabu za zamani za Ufaransa huikagua kabla ya kumruhusu mgeni, na nikachukua leseni ya kimataifa ya udereva, ambayo kampuni ya kukodisha magari iliidai pamoja na leseni yangu ya Kenya. Shemeji yangu anayeishi Lille alizipigia simu klabu kwa Kifaransa, jambo lililotufungulia milango kuliko barua pepe zangu zote. Tulielewa mapema kwamba klabu nyingi za wanachama zilizo karibu na Paris hupokea wageni siku za kazi tu, na kwamba Morfontaine, kazi ya Mwingereza Tom Simpson ya mwaka 1927, ambayo wengi huihesabu kuwa bora kuliko zote nchini humo, haichezwi na mgeni asiyealikwa na mwanachama. Kwa hiyo hatukuiweka katika safari.

Simpson huyo, aliyeacha uwakili akawa mchoraji wa viwanja, ndiye tuliyemfuata katika sehemu kubwa ya njia yetu. Tulianza na Chantilly, mwendo mfupi kutoka uwanja wa ndege wa Roissy, katika mji unaojulikana zaidi kwa kasri lake na mbio za farasi. Uwanja wake wa Vineuil uliwahi kupokea mashindano ya wazi ya Ufaransa mwaka 1913, na Mwingereza Nick Faldo aliyashinda hapo mwaka 1988 na tena 1989. Hauna maporomoko wala maziwa ya kupigwa picha. Nguvu yake iko katika mashimo ya mchanga yenye kina kirefu, yaliyowekwa pale hasa ambapo mtu mwenye tamaa angependa mpira wake utue, na katika nafasi pana inayokufanya udhani kwamba pigo lolote litafaa, ingawa ni upande mmoja tu unaokupa njia nzuri ya kuiendea bendera.

Kutoka hapo tulishika barabara ya A16 kuelekea kaskazini. Ni barabara ya kulipia, na ni muhimu kutazama alama zilizo juu ya vibanda: mshale wa kijani hupokea kila mtu, lakini njia iliyowekewa herufi t peke yake ni ya wenye kifaa maalumu ndani ya gari. Mwendo wa juu ni kilomita 130 kwa saa, na mvua ikinyesha hushuka hadi 110.

Le Touquet ndiyo iliyonileta Ufaransa. Uwanja wa La Mer ulichorwa na Mwingereza Harry Colt na kufunguliwa mwaka 1931, ukaharibiwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na katika miaka ya karibuni umerudishiwa mashimo ya kuchezea, yaani vipande vya uwanja vyenye bendera, yaliyokuwa yamepotea kati ya vilima vya mchanga. Kwa Mwafrika, Le Touquet ina jambo kubwa zaidi. Mwaka 1976, wakati watu weusi wa Afrika Kusini wakiishi chini ya ubaguzi wa rangi ulioandikwa katika sheria, Vincent Tshabalala, mtu mweusi kutoka nchi hiyo hiyo, alishinda hapo mashindano ya wazi ya Ufaransa. Mwaka uliofuata, mahali hapo hapo, mshindi alikuwa kijana wa Kihispania, Seve Ballesteros. Jina la Ballesteros linajulikana dunia nzima. La Tshabalala, hata wachezaji wenzangu wa Nairobi wengi walilisikia kwangu kwa mara ya kwanza, na hilo linaniuma.

Uwanja wenyewe ulinidai nijifunze upya umbali wa mapigo yangu. Nairobi iko juu sana, karibu mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali. Hapa ulikuwa usawa wa bahari, hewa nzito na upepo wa ubavuni, nami nililazimika kuchukua fimbo ndefu zaidi kwa kila pigo. Nyasi nazo zilikuwa za namna nyingine. Zile zetu nene za Kikuyu huunyanyua mpira na kuusimamisha unapotua, ilhali nyasi nyembamba za pwani ile huuacha ukibingirika, hivyo mkwaju wa chini unaotua mbali kabla ya grini, eneo la nyasi fupi lenye bendera, ndio unaofika. Hakuna wabeba mikoba kama tulivyozoea nyumbani, wa kukuonyesha mstari au kukuambia nini kimejificha nyuma ya kilima. Unavuta kigari chako mwenyewe na kusoma ardhi kwa macho yako. Kwa sababu hiyo nashauri La Mer ichezwe mara mbili mfululizo, maana mara ya kwanza mashimo kadhaa huwa yamefichwa na vilima.

Hardelot, kaskazini kidogo, ina uwanja wa Les Pins wa Simpson, wa mwaka 1931 pia, ndani ya msitu wa misonobari unaokinga upepo. Étretat, juu ya magenge meupe ya chokaa aliyoyachora msanii Monet, haina mchanga tunaoutafuta. Tulipita kwa ajili ya bahari, na mandhari yake yanatosha kuhalalisha mchepuko.

Kurudi upande wa Paris kwa A13 kunahitaji uangalifu. Vibanda vya malipo vimeondolewa, kamera husoma namba za gari, na dereva ana saa 72 za kulipa kwa intaneti au katika duka la tumbaku lenye huduma hiyo. Akikaa kimya, faini humfuata kupitia kampuni iliyomkodisha gari.

Le Golf National, Guyancourt, karibu na Versailles, ni mali ya shirikisho la gofu la Ufaransa, na mgeni yeyote mwenye hendikapu inayotakiwa anaweza kununua nafasi. Uwanja wa Albatros, uliofunguliwa mwaka 1990, ulijengwa juu ya shamba tambarare kwa kumwaga udongo na vifusi hadi vikawa vilima. Hapo Ulaya iliishinda Marekani kwa pointi 17½ dhidi ya 10½ katika Kombe la Ryder la 2018, shindano la timu za pande hizo mbili, na hapo Mmarekani Scottie Scheffler alipiga mikwaju 62 siku ya mwisho akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya 2024. Maji ya shimo la 15, la 16 na la 18 yanatisha kweli kweli. Niliufurahia, lakini ni uwanja unaokuambia mahali pa kupiga, wakati vile vya Colt na Simpson vinakuachia uchague.

Tulimaliza Fontainebleau, kusini mwa Paris, kati ya misonobari, miamba na vichaka vifupi vyenye maua ya zambarau. Klabu ni ya mwaka 1909, na mkono wa Simpson umepita hapo pia. Tulikuwa tumepanga mwisho wa juma uishie Le Touquet na Jumatatu hadi Ijumaa ziende kwa klabu za wanachama, na mpangilio huo ndio uliotuwezesha kupokelewa hapa: asubuhi ya siku ya kazi, barua ya katibu mkononi, na uwanja karibu mtupu mbele yetu.