Boma la zahanati na gunia la korosho

Kazi yangu ni mizani. Msimu ukifunguliwa nakaa ghalani kwenye chama chetu cha msingi hapa Newala, napima korosho za wanachama na kuandika daftarini: jina, kilo, daraja. Nimeifanya kazi hii misimu tisa sasa. Ukikaa na daftari muda wote huo, unayajua ya nyumba za watu hata kama hakuna aliyekusimulia.

Mwanzoni mwa Oktoba 2024, binti wa jirani yangu, mama ninayemwita shangazi tangu nikiwa mdogo, alishikwa na uchungu usiku wa manane. Kijiji chetu hakina zahanati. Tuna boma la zahanati. Tulilijenga wenyewe kwa makato tuliyokubaliana mkutanoni, shilingi chache kwa kila kilo, kuta zikafika kwenye lenta, tukaahidiwa bati. Misimu mitatu ya mvua imelipiga na bati hatujaliona. Kwa hiyo usiku ule ilibidi wakodi gari kwenda hospitali, na mwenye gari alitaka hela mkononi. Ndani kulikuwa na magunia mawili, korosho zimeshaanikwa zikakauka, zinasubiri mnada. Shangazi akaenda kumgongea mtu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa siri nje ya mnada kwa bei ya chini. Walikubaliana 1,500 kwa kilo, wakahesabiana noti kwa tochi ya simu.

Siku chache baadaye TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, wakafanya mnada wa kwanza wa msimu, bei ikavuka shilingi 4,000. Gunia ni kama kilo 80. Shangazi alipata 240,000 kwa mzigo ambao mnadani ungefika 640,000 kabla ya makato. Mjukuu alizaliwa salama, alhamdulillahi. Nilipokwenda kumpa hongera alinishika mkono akasema, "Mwanangu, korosho zitaanguka tena mwakani." Nilishindwa kumjibu. Laki nne ile ndiyo ilikuwa hela ya kupalilia shamba na ya sare za watoto wawili.

Kangomba imepigwa marufuku, na ni haki ipigwe marufuku, maana inamnyonya mkulima. Lakini kila msimu tunahubiriwa kama kwamba anayeuza ana tamaa au hajui hesabu. Wanajua hesabu kuliko mimi! Wengi ninaowaona kilo zao zimepungua ghafla wana mgonjwa ndani, au mtoto amepangiwa kidato cha kwanza shule ya mbali. Ukitaka kuimaliza kangomba, ezeka ile zahanati, umweke muuguzi na umjengee nyumba ya kulala.

Maji nayo ni hivyo hivyo. Uwanda wetu wa Makonde ni wa mchanga, mvua ikinyesha inazama chini kabisa. Maji ya bomba yanapandishwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema, mradi ulioanza enzi za mkoloni. Mwenye nyumba ya bati anachimba kisima uani, anakinga maji ya paa. Wa nyasi anategemea bomba, na siku ya mgao foleni ya ndoo inaanza kabla ya adhana ya alfajiri.

Sasa linganisha na korosho. Nzuri haiangushwi kwa fimbo. Inadondoka yenyewe na bibo, lile tunda lake, unaiokota, unalinyonga bibo, unaianika. Mvua za mwisho wa Novemba zikiikuta chini ya mkorosho ikalala pale siku mbili, ganda linaingia madoa meusi. Mama aliyekuwa bombani tangu alfajiri anafika shambani saa tano, jua limeshakuwa kali na mtoto mgongoni. Anaokota anachoweza, zilizobaki zinanyeshewa. Mwisho wa wiki ananiletea, namimina kiganjani, natazama, naandika daraja la pili. Yeye anatazama kalamu yangu tu.

Watu wakitaja maendeleo ya Kusini wanataja bandari, gesi na barabara. Siyabezi hayo. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji tuliivuka kwa kivuko, na masika safari ya Dar ilikuwa mateso. Ila wazee wetu walishaona miundombinu ikija bila watu. Mwingereza alipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, alijenga bandari ya Mtwara na reli mpaka Nachingwea. Karanga zikashindwa, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Bandari imebaki, na leo meli zinabeba korosho zetu pale. Ila zinabeba zile tu tulizowahi kuokota kabla ya mvua.

Mkutano mkuu wa chama ni Jumamosi ijayo. Mwenyekiti ameniomba nimwandikie ajenda. Miaka yote tunaanza na magunia na kamba. Safari hii bati la zahanati nimeliweka la kwanza, na shangazi nimemwomba akae mbele.